Tulidhani mpwa wangu anarukuu, kumbe ni kifafa: yaliyotukuta Kinole

Wakuu, salamu kwa mlioko kazini, mlioko vijiweni na mnaosoma huku mkisubiri umeme urudi.

Humu nimekuwa msomaji tu kwa miaka. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limetokea kwetu, na nilipolitafuta kwa Kiswahili sikupata mtu aliyelieleza tangu mwanzo. Nitasema nililoliona. Nisilolijua nitasema silijui.

Mnijue kidogo kwanza. Shule niliacha mapema, nilikuwa nachoka kukaa. Tangu hapo nimekata miwa, nimepakia karanga na mahindi Gairo, nimefunga sola, nimeuza simu za mtumba. Mahali pakianza kunizoea naondoka. Ila naulizauliza sana. Fundi akifungua redio nitasimama pale mpaka aifunge.

Nilikuwa Gairo dada yangu mdogo, Mwajuma, aliponipigia. Yeye kaolewa kwetu huko huko Kinole, juu milimani, wanalima pilipili manga na ndizi. Ana mtoto mmoja wa kike, Nasra, wakati ule alikuwa na kama miezi sita.

Akaniambia mtoto ana degedege lisilo na homa. Zahanati wamempa dawa. Sasa nyumbani kuna maneno, na mimi nahitajika.

Nikamuuliza mumewe anasemaje.

"Anasema mjomba aje."

Kwa msio Waluguru: kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anampa jina, anamlea, anampenda, lakini likija jambo zito anayesubiriwa aseme ni kaka wa mama. Na kwa mama yetu, mwanaume aliyebaki ni mimi. Kwa hiyo mimi nisiye hata na kitanda cha kwangu ndiye niliyekuwa nasubiriwa na familia nzima.

Nikaja kwa basi hadi mjini, kisha nikapanda boda, mkoba mgongoni, nikijipa siku mbili tatu.

Nilipofika nikamkuta Nasra kwenye mkeka. Huyu mtoto mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anacheka ukimpigia ulimi tu. Nikampigia ulimi. Macho yakapita juu yangu, yakaenda kwenye paa, yakabaki huko.

Nikapiga tena. Hakuna.

Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia mimi, si mtoto. Akasema, "Ndivyo alivyo sasa. Wengine wanasema ametulia."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yenyewe. Mwajuma anasema huyu si mwanangu ninayemjua, twende hospitali ya mjini. Mama yetu anasema mtoto amepoa, mwacheni, na hata dawa ya zahanati iachwe maana inamlaza. Shemeji yuko katikati, anangoja mjomba.

Nikaanza kuuliza, maana hiyo ndiyo kazi ninayoiweza.

Mwajuma akanisimulia hivi. Mwanzoni mtoto akiamka usingizini alikuwa anadondosha kichwa mbele ghafla na mikono inafunguka. Anakaa kidogo, anadondosha tena. Na tena. Halafu inaisha, ananyonya kama kawaida.

Majirani waliona jambo zuri. Wakasema huyu anarukuu, anainama kama kwenye swala, huyu atakuwa mtu wa dini. Kulikuwa na mama mmoja jirani ambaye mtoto akiamka tu anasogea na kumwambia, "Rukuu shehe wangu, rukuu," na mtoto kweli anarukuu, na watu wanapiga makofi. Mwajuma naye alipiga. Aliponiambia hilo alikuwa anachambua mboga, na hakuinua uso.

Baadaye mtoto akaanza kulia baada ya kila kurukuu. Kilio cha kushtuka. Hapo mama yetu akasema hili ni degedege, wakaenda zahanati, wakaeleza ni degedege. Akapewa phenobarbitone, dawa ya kifafa ambayo wengi wetu tunaijua. Siwalaumu wa zahanati, walitibu walichoambiwa.

Kilio kikaisha. Waliporudi zahanati wakasema anaendelea vizuri, wakaambiwa endeleeni.

Nikamuuliza Mwajuma, "Na kurukuu kumeisha?"

Akasema, "Sijui, kaka. Mama anamfunika."

Hapa niwaeleze, vijana wa mjini huenda hamjaona. Mtoto akishikwa na degedege, wazee wengi wanamfunika kaniki, ile nguo nyeusi. Unamfunika mpaka limpitie. Haruhusiwi mtu kumtazama usoni likiwa limemshika, wanasema ukilitazama linakaa. Mama yangu alikuwa na kaniki yake tayari begani muda wote. Nasra akidondosha kichwa mara ya kwanza tu, nguo imeshuka. Anaitoa kilio kikikoma.

Na sasa kilio hakikuwepo kabisa, kwa hiyo alikuwa anaitoa akiona muda umetosha.

Mchana ule ule nikaona. Nasra aliamka, kichwa kikaenda mbele, mama akafunika na kugeuka pembeni akitikisa midomo kwa dua. Mimi nilikuwa nimechuchumaa karibu na mkeka.

Nguo ikaruka. Ikatulia. Ikaruka. Ikatulia.

Kimya, hakuna sauti hata ndogo, lakini nguo inaruka. Ikaendelea hivyo mpaka nikahisi miguu inataka kunitoa mle ndani.

Ndipo nikaelewa tulichokuwa tunafanya. Tulikuwa tunapima ugonjwa kwa kilio. Ile dawa ilikuwa imeondoa kilio, ugonjwa uko pale pale chini ya nguo, na kila siku sisi tunasema ametulia.

Nikamwambia mama nataka kumfunua, nimpige video, niipeleke hospitali.

Akasema hapana.

Nikamwambia mama, daktari hawezi kutibu asichokiona. Akasema hapana. Nikajaribu cheo. Nikamwambia mama, mimi ndiye mjomba, mmeniita nije niseme, basi nasema.

Mama yangu hapendi kupandisha sauti. Alikuwa anageuza pilipili manga kwenye turubai uani, akaendelea kuigeuza huku anaongea.

"Wewe ulikuwa na mdogo wako wa kiume. Humkumbuki, ulikuwa mdogo bado. Lilimshika, bibi yako akaniambia funika. Mimi nikasema simfuniki, huyu ni mwanangu, ngoja nimwone. Nikamfunua nikamwangalia. Alikufa namwangalia."

Ningemwambia nini? Kwamba yule alikuwa na malaria ya kichwa pengine, na angekufa akiwa amefunikwa au amefunuliwa? Mtu amebeba hilo zaidi ya miaka thelathini na hajawahi kulisema.

Nikaondoka pale nikatembea hadi mtoni nikarudi, nikatembea tena. Nikitembea nafikiri vizuri zaidi.

Niliporudi nikamwambia, "Mama, basi wewe usiangalie. Angalia pembeni kama unavyofanya. Nitaangalia mimi. Likikaa, likae na mimi."

Akaniambia, "Wewe hukai mahali. Litakaaje na wewe?"

Sijui kama alikuwa anatania. Lakini asubuhi iliyofuata Nasra alipoamka, mama aligeukia ukutani na kaniki ikabaki begani kwake. Mimi nikashika simu.

Video ile sitaiweka humu. Niseme tu kwamba ukimwona mtoto anafanyiwa vile na mwili wake mwenyewe, mara nyingi mfululizo, na katikati ya moja na nyingine anakutazama kama anauliza, hutasema tena kwamba anarukuu.

Tukashuka mjini: mimi, Mwajuma, mtoto na shemeji. Hospitali siitaji. Tulipata daktari wa watoto, mwanamke, mzaliwa wa kanda nyingine. Akaangalia video. Akairudisha mwanzo akaangalia tena. Akaniuliza, "Wewe ndiye baba?"

"Mjomba."

"Baba yuko wapi?"

"Yuko nje kwenye benchi. Anasema nikishasema mimi inatosha."

Akacheka kidogo. "Waluguru nyie. Haya muite, mimi nataka wote."

Akatueleza. Hii si degedege. Degedege mara nyingi linakuja na homa na linapita. Hii ni aina ya kifafa cha watoto wachanga, wenyewe wanaiita infantile spasms. Inawashika zaidi kabla ya kutimiza mwaka, inapenda kuja mtoto anapoamka, na inakuja mfululizo. Akauliza alivyozaliwa. Mwajuma akasema alichelewa kulia, walimpigapiga mpaka akalia. Daktari akasema huenda chanzo kiko hapo, ila kuna watoto ambao chanzo hakipatikani.

Nilimuuliza maswali mengi mpaka shemeji akaanza kunikanyaga mguu. Kwa nini ile dawa ya kwanza haikufaa? Akasema ni dawa nzuri kwa vifafa vingine, kwa hiki mara nyingi haifui dafu. Kwa nini mtoto ameacha kucheka? Akasema ubongo wa mtoto huyu muda wote una fujo, hata pale ambapo mwili haurushwi. Kwenye fujo ile hawezi kujifunza, na alichokwisha kujifunza kinapotea. Ndiyo maana hatuna wiki za kusubiri.

Akaniuliza, "Mjomba, unasomea nini?"

Nikamwambia, "Sisomi dokta. Nazunguka tu."

"Basi hutazunguka tena kwa muda."

Dawa aliyotaja ni prednisolone. Nikashangaa kwa sauti, maana hiyo naijua ni ya watu wenye pumu na mzio. Akasema ndiyo hiyo hiyo, lakini kwa kiwango kikubwa, kwa muda aliopanga yeye, halafu inashushwa pole pole. Wakuu, kiwango siandiki, wala msiniulize PM. Kinategemea mtoto, na mtu akikosea anaua.

Kisha akatueleza upande wa pili wa dawa, yaani ubaya wake. Mtoto atakuwa na njaa kali. Atakosa usingizi, atakuwa na hasira. Atavimba uso. Presha na sukari vitapimwa. Atashikwa na maradhi kirahisi, kwa hiyo mwenye mafua asimbebe, na chanjo ya surua isubiri mpaka yeye aseme. Na hata iweje, tusiikatishe ghafla, maana mwili unakuwa umeizoea na mtoto anaweza kuzimia na kupotea.

Mwajuma akanigeukia, shemeji naye akanigeukia. Hapo ndipo niliposikia uzito wa ujomba. Siku zote nimeona ni cheo cha kukaa mbele kwenye harusi.

Nikasema, "Ampe."

Daktari akasema jambo moja zaidi. Anataka mtu mmoja, yule yule, awe anamwangalia mtoto kila anapoamka, asubuhi na baada ya kila usingizi, aone kama vichwa, yaani kule kudondosha kichwa, vinapungua. Si leo huyu kesho yule, maana kila mtu anaona kivyake.

Hakuuliza ni nani. Wote walishajua.

Basi nikawa na kazi ya kumwangalia mtoto akilala.

Niwaambie ukweli, nimebeba magunia, nimelala juu ya malori, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kukaa. Ukiinuka kwenda chooni anaamka. Ukisema atalala sana, anaamka. Nilitengeneza paa la jiko lao, nikarekebisha redio mbili za majirani, nikafunga upya waya za sola, vyote nikiwa naona mkeka kupitia mlangoni. Rafiki yangu wa Gairo akapiga, kuna mzigo unaenda hadi mpakani, nafasi ni yangu. Nikamwambia subiri. Akapiga tena. Mara ya tatu hakupiga.

Dawa ni chungu. Tulisaga vidonge, tukachanganya na maziwa ya Mwajuma kwenye kijiko. Akitema tunaanza kugombana kimemwagika kiasi gani. Mama akaleta asali, nikamzuia, maana daktari alikataza asali kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Akanitazama kama nimemnyima mjukuu wake haki.

Siku za mwanzo hakuna kilichobadilika. Aliamka, vichwa vikaja. Mama anageukia ukutani ananiuliza, "Tayari?" Namwambia bado. Anauliza tena. Bado.

Kilichobadilika haraka ni mtoto kuwa mkali. Ananyonya, analia anataka tena. Mwajuma alikonda. Halafu mashavu yakaanza kujaa.

Hapa kijiji kikagawanyika. Wapo walioingia na kusema mashallah, Nasra kanawiri, mnampa nini? Wapo waliomtazama wakaondoka bila kusema, na jioni tunasikia tumemvimbisha mtoto kwa dawa za wakubwa.

Mwajuma ndiye aliyenitisha. Mchana mmoja alikuwa amempakata, akasema, "Kaka, kwanza aliacha kunitazama. Sasa hata sura si yake. Mimi hii dawa simpi tena."

Alisema kwa upole kabisa, na hapo nikajua kwamba ameshaamua.

Sikumwambia mimi ni mjomba. Nilishaona cheo hakifanyi kazi pale panapouma. Nilimwomba tu anipe mpaka tarehe ya kurudi hospitali, na kama hataki kumnywesha yeye, nitamnywesha mimi, yeye aende shambani na mumewe asione. Shemeji, ambaye siku zote alikuwa kimya kama mgeni, akasema, "Mimi nitamshika, mjomba ainyweshe." Akamchukua mtoto mikononi mwa mkewe. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema jambo bila kunisubiri mimi.

Tukaendelea hivyo, wanaume wawili na kijiko.

Halafu asubuhi moja aliamka.

Nikasogea. Nikasubiri kichwa. Akajinyoosha, akakunja uso, akaanza kudai ziwa. Nikaendelea kusubiri. Mwajuma akamnyonyesha, mimi bado nimechuchumaa pale nikimtazama shingo.

Mama kutoka ukutani, "Tayari?"

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna kitu mama. Hajafanya."

Hakugeuka. Akabaki anatazama ukuta vile vile. Nami nikaogopa kufurahi, nikasema tuone akiamka mchana. Mchana hakufanya. Kesho yake hakufanya.

Ningependa uzi uishie hapo, lakini niliahidi ukweli.

Dawa ilipokuwa inashushwa, vichwa vilirudi. Vichache, vidogo, mtu asiyezoea angesema mtoto anasinzia. Mimi niliviona tangu cha kwanza. Tukashuka mjini tena. Daktari akasema hutokea, akaongeza dawa ya pili inaitwa vigabatrin, ambayo huku haipatikani kirahisi, ikabidi itafutwe Dar. Hiyo nayo ina yake: inaweza kugusa macho, kwa hiyo macho yanachunguzwa na haitumiki muda mrefu. Tulipelekwa pia kwenye kipimo cha EEG, wanambandika nyaya kichwani kusoma mawimbi ya ubongo. Niliomba wanionyeshe karatasi. Mtaalamu akanionyesha penye fujo na penye utulivu. Utulivu ulikuwa mwingi kuliko nilivyotegemea.

Vichwa vikakoma tena. Mpaka ninapoandika havijarudi, na prednisolone ameshamaliza kabisa. Uso umerudi kuwa wake.

Sasa Nasra ametimiza mwaka na kitu. Hajakaa mwenyewe, anakaa ukimwekea mto. Hajatambaa. Macho yanamfuata Mwajuma akipita, hilo nina uhakika nalo. Wiki iliyopita nilimpigia ulimi akanitazama mdomo muda mrefu sana. Hakucheka. Mwajuma anasema alicheka, mimi nasema hapana, tumebishana hadi leo.

Daktari hakutudanganya. Alisema dawa imezima moto, kilichoungua hajui ni kiasi gani, na tungewahi zaidi ingekuwa bora. Kuhusu hilo la kuwahi, kila mmoja wetu hapa nyumbani ana siku anayoifikiria. Sijui ya mama ni ipi, hajasema.

Nilichojifunza nakisema kwa namna yangu. Mtoto wako mchanga akiwa na jambo analorudiarudia kila akiamka, hata kama linafurahisha, lipige video umpelekee daktari wa watoto, na usiridhike na neno ametulia mpaka uwe umemwona kwa macho. Na mzee akikukatalia jambo, muulize alipoteza nani. Mimi ningeuliza hilo kwanza ningeokoa maneno mengi.

Kama una mtoto yuko kwenye dawa hii na majirani wanakusema kwa sababu ya mashavu, vumilia, usiikate, rudi kwa aliyeiandika.

Sasa naomba msaada wenu. Swali si langu, ni la Mwajuma, na kakaa hapa pembeni. Anauliza wale ambao watoto wao walipita njia hii wakapona vichwa: je, walikaa? Waliita mama? Wakiwa na umri gani?

Majibu atasoma mwenyewe, simu hii ni yake. Msimfariji. Kama wa kwako hakuwahi kuita, andika hivyo hivyo. Anasema anaweza kusubiri muda wowote, anataka tu kujua anasubiri nini.